Yuria uliyoweka shambani imeenda wapi?

Jamani tuongee kuhusu naitrojeni, kile chakula cha mmea kilichomo kwenye mbolea ya yuria, maana kila msimu kosa ni lilelile. Mtu ananunua yuria kwa kujibana, anaimwaga juu juu kwenye udongo wenye unyevu jua likiwaka, anaondoka zake, wiki mbili baadaye anashangaa mahindi bado ya njano. Mfuko wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23 tu, na usipofukia sehemu yake inageuka gesi ya amonia inapaa. Harufu yake unaijua, ingia banda la kuku lililofungwa usiku kucha, ile inayokuchoma macho ndo hela yako hiyo.

Dawa yake ni jembe tu. Chimba kashimo ka sentimita 5 hivi pembeni ya shina, weka, fukia. Na usimalize mbolea yote kwa mkupuo, mmea mdogo hauli sana, mvua kubwa ikija naitreti, yaani naitrojeni iliyoyeyuka kwenye maji ya udongo, inazama mpaka kwenye maji ya visima au inaishia ziwani, mwani unashamiri samaki wanakosa hewa.

Sasa tukija kwa wakubwa wa wizarani. Kwa wastani duniani mazao yanachukua kama nusu tu ya naitrojeni inayowekwa, ndo maana mwaka 2019 nchi kadhaa zilikubaliana kwenye Azimio la Colombo zilenge kupunguza upotevu kwa nusu ifikapo 2030. Sawa, ila kupunguza upotevu sio kukata mbolea kila mahali! Kuna nchi zinazidisha mpaka mito inaoza, na kuna nchi mkulima anavuna kila mwaka, naitrojeni inapanda lori ndani ya magunia ya mazao na hairudi, huyo ukimwambia apunguze unammaliza. Na mi ruzuku ya yuria peke yake siielewi kabisa, udongo ukiwa na asidi au hauna fosforasi mmea utashindwa kuitumia hata ungemwaga mifuko kumi, kwa hiyo pimeni udongo kwanza halafu ndo mgawe.

Kingine ni jamii ya mikunde, kunde, maharage, soya, hizi zinavuta naitrojeni hewani kwa msaada wa bakteria. Zikianza kutoa maua chimbua mche mmoja taratibu, usiung'oe, maana vinundu vya kwenye mizizi wanamokaa hao bakteria vitabaki chini. Pasua kinundu kwa ukucha, ndani kikiwa chekundu kinafanya kazi, kikiwa kijani au kijivu kimelala, msimu ujao tafuta mbegu iliyopakwa bakteria wake.