Jinsi ya kupinga kortini mipaka mipya ya eneobunge, Kenya

Wengi hungoja mpaka kampeni zianze ndo walie eti wadi yao imekatwa vibaya, na hapo washachelewa kitambo. Kifungu cha 89 cha Katiba kinaruhusu mtu kwenda Mahakama Kuu kupinga uamuzi wa IEBC, yaani tume ya uchaguzi ambayo pia huchora mipaka, lakini una siku 30 pekee, na zinahesabiwa toka mipaka ichapishwe kwa Gazeti Rasmi la Serikali, sio toka uskie kwa redio.

Sasa kwanza tafuta hilo gazeti. Usiangalie ramani tu, nenda kwa orodha ya kata ndogo za kila wadi usome moja moja, maana hapo ndo utakuta yenu imevushwa mto ikawekwa na watu hata soko hamshiriki.

Kisha piga hesabu. Sensa ya 2019 ilipata watu 47,564,296, gawanya kwa maeneobunge 290 ni kama 164,015, hicho ndo kipimo kwa sensa hiyo. Mijini na kule watu wametawanyika wanaruhusiwa kuzidi ama kupungua kwa asilimia 40, kwingine 30, yaani kati ya 114,800 na 213,200 hivi. Eneobunge lenu likiwa nje ya kiwango chake una hoja nzito. Mkiwa ndani bado hujashindwa, Katiba inataka pia waangalie jiografia, miji, historia, uchumi na utamaduni wa watu, na wasikize wenyeji. Hii ya wenyeji watu huidharau bure, kama mlipeleka memoranda, yaani maoni yenu kwa maandishi, tafuta nakala yenye muhuri.

Alafu tafuta wakili mwandike ombi pamoja na hati yako ya kiapo, mwambatanishe kurasa za gazeti na za sensa. Taja wazi unachotaka, kata ndogo gani itoke wadi gani iende gani, maana jaji hawezi fanya kitu na "tumeonewa". Faili kwa mtandao wa Mahakama, lipa, weka risiti, na IEBC wapelekewe nakala mapema.

Kesi inafaa kuamuliwa ndani ya miezi 3 toka ifailiwe. Usishtuke ikiunganishwa na zingine, 2012 zilikuwa nyingi zikasikizwa pamoja na majaji watano. Na hata ukishinda, mipaka inaanza kutumika Bunge likivunjwa, kwa hivyo mheshimiwa wenu wa sasa haendi popote.