Kambi ya huduma kando ya ziwa: wapangieni watoto kazi za nchi kavu

Viongozi wa vijana makanisani mnaoandaa kambi ya huduma ya likizo ya Juni kwa wanafunzi wa darasa la sita hadi kidato cha pili, hapa Mwanza na katika vijiji vya kando ya Ziwa Victoria, nawaomba mwangalie kwanza ni kazi ipi itakayowaingiza watoto majini. Kuokota taka mwaloni au kumtekea maji bibi asiye na msaidizi ni huduma njema, lakini maji ya ufukweni, hasa penye magugu na konokono, huwa na vimelea vya kichocho vinavyopenya hata ngozi isiyo na jeraha kwa dakika chache tu. Na katika umri huu, mtoto akiona wenzake wamekunja suruali hadi magotini, naye ataingia.

Kwa hiyo wapeni kazi za kufagia kanisa, kupanga kuni au kukandika ukuta wa jiko la mjane, na maji yachotwe bombani. Pasipo na bomba, mtu mzima aliyevaa buti za mpira ndiye ateke ziwani, kisha maji ya kuoga yakae siku mbili katika pipa lililofunikwa, na ya kunywa yachemshwe.

Ikitokea mtoto ameingia ziwani, mzazi aambiwe waziwazi ili ampeleke zahanati kupimwa baada ya wiki sita hadi nane, hata kama haumwi, kwa kuwa kichocho hutibika kwa dawa ya prazikwanteli.