MiG-21 ya mezani: weka jasho puani na mkiani

Mimi ni fundi saa, karibu na soko la Majengo hapa Dodoma, na jioni meza ileile ya saa huwa kiwanda changu cha ndege. Leo tuunde MiG-21, jeti ya kivita ya Kisovieti, kwa vipande vya plastiki vya kuunganisha, skeli 1/72 (yaani mara 72 ndogo kuliko ndege halisi). Wengi humaliza nguvu kwenye chumba cha rubani, ambacho kioo kikishafungwa huoni kitu. Jeti hutazamwa puani, mkiani na kwenye kingo za mabawa.

Osha vipande vyote kwa sabuni ya vyombo, maana plastiki hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu, na mafuta hayo hukataa rangi. Kata kipande mbali kidogo na shina lake (kile kijiti cha plastiki kinachokishikilia kwenye fremu), umalizie kwa wembe na tupa ndogo. Usinyofoe kwa vidole.

Kabla ya kufunga kiwiliwili, weka uzito mbele, la sivyo ndege yako itakalia mkia. Ile koni ya puani ina uwazi ndani. Mimi hutumia chubwi za risasi, kama zile za wavuvi wa Mtera: nazigonga kwa nyundo hadi ziwe bapa, nazishindilia humo, nazishika kwa supaglu (kisha nanawa mikono, risasi ni sumu). Funga mwili na mabawa kwa tepu, uvilaze juu ya penseli pale yatakapokaa magurudumu ya nyuma. Pua ikishuka yenyewe, ongeza kidogo tena halafu funga.

Gundi ya plastiki huyeyusha kingo mbili zikawa kitu kimoja. Bana mpaka ute mwembamba utokeze kwenye maungio, uache hadi kesho, kisha piga msasa wa maji, ule wa mafundi rangi wa magari: namba 400, 800, halafu 1500. Pengo likibaki, ziba kwa supaglu na usugue siku hiyohiyo. Ikilala, huwa ngumu kuliko plastiki, na msasa utakula pembeni ukaacha nundu.

Sasa mabawa. Ukingo wa nyuma wenye unene wa milimita 1 kwenye skeli hii ni sawa na sentimita 7 kwenye ndege halisi. Bawa gani hilo? Lisugue kwa upande wa ndani, kabla ya kuunganisha nusu ya juu na ya chini, mpaka mwanga uanze kupenya ukingoni. Fanya vivyo hivyo kwenye mdomo wa bomba la kutolea moto, kwa wembe uliolazwa.

Ule mrija mrefu wa kupimia mwendo huja mnene kama kijiti cha meno. Utupe. Nunua duka la dawa sindano mpya yenye kitako cha bluu, ambayo ni milimita 0.6, ukate chuma chake kwa tupa. Angalia toleo lako: kwenye F-13 mrija uko chini ya pua, kwenye MF uko juu, umesogea kulia.

Rangi ya fedha ni mmbea, haifichi mkwaruzo. Tanguliza nyeusi ya kung'aa, ndipo fedha ipate mng'ao wa chuma. Kiangazi chetu kina upepo na vumbi, hivyo paka alfajiri, mwagia sakafu maji kwanza, na rangi ya maji iongezee maji kidogo kwa sababu hukaukia kwenye brashi. Stika zikigoma kulala kwenye mikunjo, ziguse kwa siki nyeupe.

Kioo usikisogezee supaglu kabisa, mvuke wake hukipaka ukungu mweupe. Gundi nyeupe ya maseremala inatosha, na ikichafua unaifuta kwa kitambaa kibichi. Mrija wa sindano uufunge mwisho wa yote, kwa sababu mkono wa shati lazima utaukwaa.