Kava ya akriliki kwa tyubu za Nixie na VFD: uweke angavu au ya rangi?

Kabla hujagusa msumeno, washa tyubu uone inatoa mwanga wa rangi gani, hapo ndo kila kitu kinaanzia. Nixie, ile tyubu ya kioo ya zamani yenye tarakimu za waya ndani, ina gesi ya neon, inawaka chungwa lenye wekundu. VFD, tyubu ya namba isiyo na hewa ambayo sehemu zake zimepakwa unga unaong'aa, inawaka kijani chenye ubluu. Sasa weka akriliki nyekundu mbele ya VFD uone, tarakimu zinakufa, na ya bluu mbele ya Nixie ni hivyo hivyo.

Pili, angalia chumba kina mwanga kiasi gani, na hapa tulia kidogo maana wengi wanaparuka. Mwanga wa tyubu unapita kwenye kava mara moja tu, ila mwanga wa chumba unapita mara mbili, unaingia, unagonga vyuma vya ndani, unarudi kwako. Kwa hiyo kava ya rangi ya moshi inayopitisha 50% inaacha nusu ya mwanga wa tarakimu, ila ule unaorudi wa chumba unabaki robo tu, ndo maana namba zinasomeka vizuri japo zimefifia. Ukishuka mpaka kava inayopitisha 30%, mwanga wa chumba unabaki 9%, safi kwa VFD yenye nguvu, lakini tyubu iliyochoka itapotelea humo.

Tatu, amua unataka kuona nini ikiwa imezimwa. Nixie mi naiwekea angavu bila kusita, ule wavu wa anodi (wavu mwembamba wa waya mbele ya namba) na tarakimu zilizopangwa moja nyuma ya nyingine ndo uzuri wenyewe, kwa nini uufiche? VFD ni tofauti, sehemu zisizowaka zinabaki nyeupe nyeupe zinasumbua macho, kwa hiyo moshi au kijani. Kuna Nixie zenye zebaki ndani, zina ukungu wa bluu kuzunguka namba, hizo akriliki ya chungwa hafifu inausafisha, ila kama kioo chake kimeshapakwa rangi nyekundu kiwandani basi weka angavu tu.

Nne, shika kipande cha sampuli mbele ya tyubu, mchana halafu usiku, kwa macho yako sio kwa kamera ya simu, kamera inabadilisha rangi.

Ukiona giza limezidi, badilisha kava, tafadhali usipandishe mkondo wa umeme! Kwenye Nixie chuma cha tarakimu kinamomonyoka kinaganda kwenye kioo, kioo kinaanza kuwa cheusi na hakirudi tena.

Kukata: milimita 3 inatosha, toboa matundu juu na chini joto litoke. Wakati wa kufunga chomoa umeme usubiri kapasita (zile zinazotunza umeme ndani) ziishiwe, Nixie inatumia volti kama 170. Karatasi ya kinga ibandue mwisho kabisa, na vumbi lifute kwa maji yenye sabuni kidogo na kitambaa laini, spiriti inaleta nyufa ndogo ndogo pembeni pale ulipokata.