Kabla Hujalipia Diski ya Totoro: Namna ya Kujua Ni Toleo Lipi

Katuni ya Hayao Miyazaki, Tonari no Totoro, ilitoka kwenye sinema za Japani mwaka 1988. Kwa matumizi ya nyumbani imepitia mikononi mwa kampuni kadhaa, na diski zake hazilingani. Kwa Kiingereza inaitwa My Neighbor Totoro. Ukiikuta Kampala kwenye rundo la diski za mitumba, usiamini kava hata kama linang'aa: mafundi wa Barabara ya Nasser hawashindwi kuchapa kava. Geuza diski yenyewe. Iliyotoka kiwandani huwa ya rangi ya fedha au dhahabu hafifu. Ikiwa na rangi ya zambarau, imechomwa kwenye kompyuta. Diski tupu ya kawaida hubeba GB 4.7, ilhali ya kiwandani yenye tabaka mbili hufika GB 8.5, kwa hiyo anayenakili hubana picha au hufuta sauti ya Kijapani.

Kisha tazama nyuma ya kasha, penye kiramani cha dunia chenye nambari ya kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski imekusudiwa kuchezwa. Marekani ni 1, Japani na Uingereza ni 2. Uganda iko 5, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, hivyo deki iliyofungwa kwenye 5 itazikataa zote hizo. Deki nyingi za bei nafuu husoma kanda zote, lakini mwambie muuzaji aiweke icheze mbele yako.

Kwenye kompyuta ndipo wengi wanapoumia. Kisoma DVD hukuruhusu kubadilisha kanda mara tano tu, na ile ya tano ndiyo unayobaki nayo. Kupiga Windows upya hakusaidii, kwa sababu hesabu hiyo imehifadhiwa ndani ya kisomaji chenyewe. Programu ikikuuliza kama ubadilishe kanda, kataa kwanza, ujaribu programu ya VLC. Mara nyingi hucheza bila kubadilisha chochote, ingawa si kwa kila kisomaji.

Sasa toleo. Ikiwa ni DVD ya Marekani yenye nembo ya Fox, ya mwaka 2002, iache. Picha imekatwa pembeni ili ijaze televisheni za mraba za zamani, na sauti ni ya Kiingereza peke yake. Ya Disney ya mwaka 2006 ina picha pana na sauti ya Kijapani, na Kiingereza chake ni kipya: Satsuki na Mei, mabinti wawili wa katuni hii, wametiwa sauti na Dakota Fanning na mdogo wake Elle. Kwa hiyo mtu aliyezoea mkanda wa video (VHS) wa Fox akisema sauti "zimebadilishwa", hajakosea. Tangu 2017 Marekani wanaouza ni kampuni ya GKIDS.

DVD ya Uingereza ni ya PAL, mmoja wa mifumo miwili mikuu ya picha za televisheni. Filamu ina dakika 86, lakini deki itaonyesha kama 83. Hakuna kilichokatwa: picha 24 kwa sekunde zinakimbizwa kwa 25, na sauti inapanda kidogo. Za Japani na Marekani ni NTSC, mfumo ule mwingine. Kwenye televisheni ya zamani ya kichogo zinaweza kutoka nyeusi na nyeupe au picha ikawa inaviringika. Ingia kwenye mipangilio ya deki, uweke PAL.

Kwa mwenye deki ya Blu-ray, chagua ya Uingereza. Hapo Afrika na Ulaya ziko kanda moja, B, wakati Japani na Marekani ni A.

Ukishawishika kununua na deki iliyotumika Japani, soma kwanza kibandiko cha nyuma. Kikisema 100V tu, usiichomeke ukutani. Umeme wetu ni volti 240 na itaungua papo hapo. Itahitaji transfoma ya kushusha hadi 100, na wati zake zizidi zile zilizoandikwa kwenye kibandiko. Kikisema 100-240V, badilisha plagi tu.