Folda ya NFS ikiganda, usianze na df

Wenzangu mnaotunza kompyuta za Linux huku Mbeya, mvua hizi umeme unakatika na kurudi, na ukirudi kompyuta za mezani huwaka kabla ya seva ya mafaili. Folda ya pamoja ya NFS (njia ya kutumia mafaili ya seva kupitia mtandao) inagoma kupanda, yaani kuunganishwa kwenye kompyuta, au iliyokwisha kupanda inaganda. Ukiandika df, amri ya kuonyesha nafasi ya diski, nayo inaganda papo hapo, kwa sababu inaiuliza seva isiyojibu.

Anza na findmnt -t nfs,nfs4. Hiyo inasoma tu orodha ya folda zilizopanda iliyo kwenye kerneli (kiini cha Linux), haiigusi seva. Kisha nc -zv seva 2049 (weka jina la seva yako), kupima kama mlango wa mtandao wa NFS uko wazi. Mlango ukifunguka, NFS toleo la 4 halihitaji mwingine. Toleo la 3 linataka pia mlango 111 na ule wa mountd (huduma ya seva inayopokea maombi ya kupandisha folda), ambao fayawoli huziba mara nyingi. Ndiyo maana showmount -e, inayoiuliza mountd orodha ya folda za seva, inaweza kukataa huku toleo la 4 liko salama kabisa. Msihangaike nayo.

Juzi, ofisi moja pale Mwanjelwa, mtandao ulikuwa mzima ila kila ls ilirudisha "Stale file handle", yaani kiungo cha faili kimepitwa na wakati. Diski ya seva ilikuwa imebadilishwa. Nikapiga umount -l, inayoishusha folda hata kama bado inatumika, nikapandisha upya, kazi ikaendelea.

Kwenye fstab (faili la orodha ya folda za kupandishwa) wekeni _netdev,nofail,x-systemd.automount, mashine isubiri mtandao, isikwame kuwaka seva isipokuwepo, na folda ipande pale tu mtu anapoifungua. Ila soft, chaguo linalofanya kompyuta ikate tamaa seva isipojibu, msiiweke kwenye folda ya kuandikia, nawasihi: seva ikichelewa, faili la hesabu za watu linaweza kubaki nusu.