Kupanga mazoezi ya vyuma kwa saa ya mwili: alfajiri, jioni na Ramadhani

Mtu aliyezoea kupiga chuma jioni akibadilishiwa zamu kazini na kuanza kuja alfajiri, wiki ya kwanza tu ataniita pembeni. "Kocha, nguvu zimekwisha. Benchi ya kilo 80 nilikuwa naipiga mara nane, leo imenikwamia ya tano." Benchi ni kusukuma chuma juu ukiwa umelala chali. Wengine wanafikiri wanaumwa, wengine wanakimbilia kununua unga wa protini. Mara nyingi haumwi na chakula kinamtosha. Amebadilisha saa tu, akaubebesha mwili wa alfajiri hesabu za jioni.

Haya ndiyo maelekezo ninayompa, kwa mpangilio uleule.

Kinachotokea mwilini

Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapopishana, kuna kishada kidogo cha seli kinachopokea habari za mwanga na kuupangia mwili ratiba ya saa 24. Viungo vingine, misuli ikiwemo, vina saa zake ndogo zinazofuata hiyo kubwa. Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 2017 kwa kufumbua jinsi saa hiyo inavyojiendesha ndani ya seli, kazi waliyoifanya kwa kuchunguza vijinzi vya matunda.

Kwa mnyanyua vyuma, la kushika ni joto la mwili. Linashuka chini kabisa kama saa 10 au 11 alfajiri, linapanda mchana kutwa, na kilele chake ni kati ya saa 11 jioni na saa 1 usiku. Tofauti mara nyingi haizidi nyuzi moja, lakini inatosha. Msuli wenye joto unajikunja upesi, mishipa ya fahamu inapeleka amri haraka, na viungo vinalegea. Ndiyo maana kwa watu wengi nguvu huwa juu zaidi kuanzia saa 10 jioni hadi saa 2 usiku. Ukiweza kunyanyua kilo 100 saa 12 jioni na hujazoea alfajiri, saa 12 asubuhi tegemea 90 hadi 95. Wengine hupungukiwa kidogo zaidi ya hapo, wengine hawaoni tofauti kubwa.

Utamsikia mtu jimu akisema alfajiri ndiyo bora kwa sababu homoni ya testosteroni inakuwa juu. Ni kweli iko juu asubuhi. Ila kotisoli, homoni ya msongo, nayo iko juu muda huohuo, na ukiangalia chuma chenyewe, nguvu ya siku inafuata joto kuliko inavyofuata homoni hiyo. Hoja hii naona inawapotezea watu muda.

Hatua ya 1: Jipime kabla ya kuamua

Chukua wiki mbili. Siku mbili tatu za kila wiki, pima joto la kwapani kwa kipimajoto cha kawaida: ukiamka, saa 6 mchana, saa 12 jioni na kabla ya kulala. Siku hizohizo, asubuhi na jioni, paka vidole chaki, simama ubavuni mwa ukuta, ruka, gusa juu uwezavyo. Ruka mara tatu, andika alama ya juu kabisa. Mruko unapima nguvu ya haraka, nayo ndiyo inayoyumba zaidi na saa.

Ukishaandika utaona umbo lako. Kuna watu wa alfajiri kwa asili, wanaoamka bila kengele na kilele chao kinawahi. Wapo pia wa usiku, ambao saa 12 asubuhi bado mwili wao umelala hata kama macho yako wazi. Hili halirekebishwi kwa kelele za kocha.

Hatua ya 2: Chagua saa unayoweza kuishika

Hapa wengi wanatarajia niwaambie jioni. Sisemi hivyo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2019 yaliwalinganisha waliofanya mazoezi ya uzito asubuhi na waliofanya jioni kwa wiki kadhaa: ongezeko la nguvu lilikuwa karibu sawa, na ukubwa wa misuli vilevile. Zaidi ya hapo, waliofanya asubuhi kwa mfululizo walipunguza ule upungufu wa asubuhi. Mwili unajifunza saa unayoutumikisha.

Upo utafiti mmoja wa Finland, wa mwaka 2016, uliochukua wiki 24 na kuchanganya vyuma na mazoezi ya stamina. Huko kundi la jioni liliongeza misuli zaidi, hasa katika nusu ya pili. Kama huna kikwazo chochote na unataka kila chembe, basi jioni. Lakini nani hana kikwazo? Anayetoka Mbagala kwenda kazini Posta anajua kwamba jioni yake inaamuliwa na foleni. Ukipanga kuanza saa 12 jioni na daladala likakufikisha saa 2 usiku mara mbili kwa wiki, hiyo jioni ni ya kwenye karatasi tu. Alfajiri unayoihudhuria mara tatu kwa wiki inaishinda.

Ukishachagua, shika saa hiyohiyo, ikisogea isizidi kama saa moja huku au huku, kwa wiki tano au sita kabla hujaitoa makosa.

Hatua ya 3: Ukichagua alfajiri

Hapa nitakaa sana, maana ndipo watu wanapoumia.

*Mgongo kwanza.* Usiku ukiwa umelala, diski zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo zinafyonza maji na kuvimba. Ndiyo maana asubuhi mtu ni mrefu kwa sentimita moja au zaidi kuliko jioni. Diski iliyojaa maji ni ngumu kukunjika, na ukiinama unaibana kwa nguvu kubwa kuliko ambavyo ungeibana mchana. Sehemu kubwa ya maji hayo hutoka ndani ya saa la kwanza la kusimama na kutembea. Kwa hiyo, usitoke kitandani ukaenda moja kwa moja kwenye dedilifti, yaani kuinama na kuinua chuma kutoka sakafuni. Amka, oga, jiandae, tembea kwenda jimu kama ni karibu. Likishapita kama saa zima tangu uinuke, inama. Na hata hapo, panga zoezi la kuinama mwisho: anza na benchi, mabega, kuvuta mwili juu, ndipo uende kwenye skwati (kuchuchumaa na chuma mabegani) na dedilifti. Kugusa vidole vya miguu na kukunja tumbo sakafuni ukiwa umeamka sasa hivi, kama tulivyofundishwa shuleni, acha.

*Kupasha mwili.* Jioni dakika tano zinatosha. Alfajiri nataka dakika 10 hadi 15, na kipimo changu ni jasho: lisipotoka kwenye paji la uso, hujamaliza. Kamba, ngazi, kukimbia polepole, chochote. Kisha panda na chuma taratibu kuliko jioni. Tuseme seti zako za kazi, yaani mikupuo ile mizito baada ya kupasha mwili, kwenye skwati ni kilo 80. Jioni ungeweza kwenda hivi: chuma kitupu mara 10, kilo 40 mara 5, 60 mara 3, 70 mara 1, halafu kazi. Alfajiri iwe hivi: chuma kitupu mara 10, seti mbili, kilo 40 mara 6, 55 mara 4, 65 mara 3, 72 mara 1, ndipo 80. Ikiwa jimu yenu ni ile ya mtaani yenye magurudumu ya gia na makopo yaliyojazwa zege, ambayo kilo zake ni za kukisia, fuata wazo lenyewe: ngazi mbili zaidi kuliko jioni, na marudio yapungue kadiri uzito unavyopanda.

*Hali ya hewa inabadilisha hesabu.* Watafiti waliofanya kazi Guadeloupe, kisiwa cha Karibi chenye joto na unyevu, waligundua kuwa mazingira ya namna hiyo yanaipasha misuli yenyewe, na tofauti ya nguvu ya asubuhi na jioni inapungua sana. Anayefanya mazoezi Dar es Salaam, Tanga au Mombasa mwezi wa Januari, kwenye jimu isiyo na kiyoyozi, atalielewa hilo bila kusoma utafiti. Aliye Njombe au Arusha mwezi wa Julai avae sweta, apashe mwili kwa dakika 20, na asilivue mpaka seti ya kwanza ya kazi. Jimu yenye kiyoyozi kikali asubuhi naihesabu kuwa iko Njombe.

*Tumbo na kahawa.* Huhitaji kula sana. Ndizi mbivu moja au kikombe cha uji mwepesi nusu saa kabla, na maji, kwa kuwa umeamka na kiu hata kama huihisi. Chapati mbili na supu ni za baadaye. Kahawa inasaidia kweli: mwaka 2012 watafiti wa Hispania waliwapa wanyanyuaji wazoefu miligramu 3 za kafeini kwa kila kilo ya uzito wa mwili asubuhi, na nguvu ya asubuhi ikapanda kufikia kiwango cha alasiri. Kwa mtu wa kilo 70 ni miligramu 210, kama vikombe viwili vya kawaida, dakika 45 hadi saa moja kabla. Usiifanye kila siku, mwili unaizoea. Mwenye presha au moyo unaomsumbua aiache mpaka azungumze na daktari, tena amwulize kuhusu mazoezi mazito ya alfajiri kwa ujumla, kwani shinikizo la damu lina kawaida ya kupanda ghafla mtu anapoamka.

*Daftari mbili.* Andika kilo za alfajiri mbali na za jioni, usizilinganishe. Wiki mbili za kwanza punguza uzito wa kazi kwa asilimia 5 hadi 10, marudio yabaki yaleyale. Kuanzia wiki ya tatu rudisha kilo mbili na nusu kila wiki mpaka ufike ulikokuwa. Kwa wengi inachukua mwezi hivi.

Hatua ya 4: Ukichagua jioni

Mwili uko tayari, kwa hiyo maelekezo ni machache. Kula mlo wa mchana wa maana, kisha kitu kidogo saa mbili kabla. Weka siku za kujaribu uzito wa juu kabisa hapa kama una uhuru wa kuchagua. Kahawa ikome mapema alasiri: nusu ya kafeini bado iko mwilini baada ya saa tano hivi.

Kuhusu usingizi, hofu ya wengi imepita kiasi. Mazoezi ya jioni hayamharibii usingizi mtu wa kawaida, ila mazoezi makali yanayoisha chini ya saa moja kabla ya kulala yanaweza kuuchelewesha. Unayelala saa 4 usiku, shusha chuma cha mwisho saa 2 na nusu. Anayefika jimu saa 3 usiku afanye seti chache, nzito kiasi, asiende mpaka kushindwa, aoge, ale, alale.

Kero ya jioni ni foleni ya benchi. Saa bora ya mwili ni saa bora ya kila mtu, na hapo unaweza kusubiri hadi joto ulilolipata likapotea. Ukiona watu wamejaa, anza na dambeli.

Hatua ya 5: Ramadhani

Mwezi huu saa zote zinahama, na hapa natoa njia mbili tu. Ya kwanza ni saa moja kabla ya futari: mazoezi mepesi, dakika 40, ukijua maji yako karibu. Ya pili, ambayo naipendelea kwa vyuma vizito, ni baada ya tarawehe. Fungua kwa tende, maji na uji, sali, kisha njoo. Biriani na sambusa zisubiri utakaporudi. Bakiza uzito uleule, punguza seti kwa theluthi moja. Nguvu hailindwi na wingi wa seti, inalindwa na uzito.

Baada ya daku sikushauri. Utatoka jasho na kukaa na kiu hiyo mpaka magharibi.

Hatua ya 6: Ukiwa na mashindano

Uliza ratiba mapema. Kama kundi lako linapanda jukwaani saa 3 asubuhi, kumbuka kupimwa uzito kunaanza saa mbili kabla, yaani saa 1, hivyo utaamka saa 11. Wiki nne hadi sita za mwisho hamishia angalau mazoezi mawili mazito ya kila wiki kwenye saa hiyohiyo ya jukwaa, ukiamka muda uleule na kula kile utakachokula siku hiyo. Toka nje mwanga ukichomoza. Huo mwanga ndio unaovuta saa ya ubongo. Jaribio lako la kwanza lichague kutoka daftari la asubuhi, hata kama la jioni linakuonyesha kilo nzuri zaidi.

Wauguzi, walinzi na wengine wa zamu za usiku wahesabu kuanzia muda wa kuamka, si saa ya ukutani. Saa la kwanza baada ya kuamka ni alfajiri yao, hata kama ni saa 9 alasiri, na kanuni ya mgongo inawahusu palepale.